Kabla ya kuwapandisha wenzako kwenye nguzo, jua utakavyowashusha

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema una mwaka na nusu kwenye dansi ya nguzo, unapinduka kichwa chini bila kurusha miguu, una nguzo yako nyumbani ya kukaza kati ya sakafu na dari, na sasa marafiki wanne wanataka uwafundishe. Umeuliza uanze na mitindo gani, kama unahitaji cheti, na ufanye nini na yule mmoja ambaye ana nguvu kuliko wewe. Nianze na huyo wa mwisho, maana mimi yalinikuta.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilipata mwanafunzi aliyetoka kwenye kunyanyua vyuma. Pushapu alikuwa anapiga huku anapiga stori. Wenzake bado wanahangaika kuinua miguu kutoka sakafuni, yeye somo la tatu tu ananiuliza, "Mwalimu, lini tunapinduka?" Nikaona sina sababu ya kumchelewesha. Nikamwonesha, akashika, akakunja magoti, huyo kichwa chini, miguu imefunguka huku na huku ya nguzo. Darasa zima likapiga makofi, na mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu zaidi.

Halafu kimya. Yuko kule, kichwa chini, hajui cha kufanya. Nikamwambia, "Sasa shuka taratibu." Taratibu vipi? Mikono imeshaanza kutetemeka, viganja vinatoka jasho. Akafanya kile ambacho mwili wake uliona ni salama: akaachia mkono mmoja ili aitafute sakafu. Nilimwahi nyonga nikamgeuza, akatua kwa bega kwenye godoro badala ya kutua kwa kichwa. Kifundo cha mkono kiliteguka, wiki tatu hakushika nguzo. Hakunilaumu. Alikuwa amekaa pale anajikanda barafu, akauliza tu: "Kwani nilitakiwa niachie nini kwanza?"

Sikuwa na jibu la maneno. Mwili wangu ulikuwa unajua, mdomo haujui. Nimefundisha miaka saba baada ya siku ile, na kila mtindo ninaoongeza kwenye darasa naupima kwa swali lake lile. Kama siwezi kusema kwa sentensi mbili mtu anaachia nini kwanza na anafikia sakafu kwa kiungo gani, sijawa tayari kuufundisha, hata kama mimi mwenyewe naufanya nimefumba macho.

Kwa hiyo mitindo. Somo la kwanza kwangu hakuna anayepanda. Wanashika nguzo juu kidogo ya kichwa, miguu bado sakafuni, magoti yamelegea, kisha wanaiachia mikono uzito kidogo kidogo. Mimi natazama masikio. Bega likipanda mpaka likakutana na sikio, huyo ananing'inia kwenye kano na maungio, misuli imelala. Huwa nawaambia warefushe shingo kama mtu anayetaka kuchungulia juu ya ukuta, na hapo utaona mabega yanashuka yenyewe na mgongo unaamka. Dakika kumi za zoezi hili zinaboa kweli kweli. Yule wako mwenye nguvu atalidharau. Mfanyishe mara mbili.

Kupanda kunakuja baadaye, na kunaanzia kwenye miguu. Mguu wa kwanza goti linatazama nje kidogo, ugoko umelala kwenye nguzo, unyayo umekunjwa kuikumbatia kwa upande wa pili. Mguu wa pili unakuja kwa nyuma na kubana kwa shavu la mguu. Miguu ndiyo inayosukuma mwili juu, mikono inafuata tu. Ukiona mtu anajivuta kwa mikono na miguu inaning'inia kama nguo iliyoanikwa, mshushe. Hatua moja juu, hatua moja chini, siku hiyo nzima. Na kushuka ni mkono chini ya mkono, miguu ikibana na kulegeza kwa zamu. Kuteleza mpaka chini kwangu ni marufuku. Ngozi ya paja inaungua kwa msuguano, na aliyewahi kuungua hujifunza kuachia mapema, ndipo anapoanguka.

Kisha kuna kukaa: mapaja yanabana nguzo, mguu mmoja juu ya mwingine, mikono inaachia. Hapa ndipo wengi hupiga kelele. Nguzo inashikwa na ngozi, ndiyo sababu tunavaa kaptura fupi, na ngozi ya paja la ndani haijawahi kubanwa hivyo tangu izaliwe. Itauma, itavilia damu, na baada ya majuma machache itazoea. (Kwa Kiingereza mchezo huu unaitwa "pole dance"; mtu wa kwetu akilisoma jina hilo kama lilivyoandikwa anasoma "pole", na sijawahi kuona jina lililomstahili mwenyewe namna hii. Wanafunzi wangu huambiwa pole kila wakivaa nguo inayoonesha magoti.) Ila mfundishe mtu kutofautisha maumivu. La ngozi linalowaka na kuisha akishuka ni la kawaida. Linalochoma ndani ya bega, kiwiko au nyuma ya paja karibu na kalio, hapo anaacha siku hiyohiyo, bila mjadala.

Kupinduka sasa. Mimi simpindui mtu mpaka nimwone akifanya mambo haya pande zote mbili, kulia na kushoto: aning'inie sekunde kumi mabega yakiwa chini, akunje magoti mpaka kifuani mara tatu bila kujirusha, na, hili ndilo linalowashinda, ayarudishe magoti chini polepole, kimyakimya, nyayo zisitoe sauti zikigusa sakafu. Nasikiliza zile nyayo. Zikipiga "pu", bado.

Akifaulu, simwanzishi chini kwenda juu. Namwanzisha mwishoni. Kwanza analala chali sakafuni, nguzo iko karibu na bega, anaishika na kupitisha nyonga na miguu juu yake akiwa amelala, ili akili ielewe njia kabla uzito haujaingia. Halafu namsaidia kufika kichwa chini, na kazi yake ni moja tu: kurudi. Anafunga magoti kifuani, mikono haiachii, nyonga zinashuka, nyayo zinagusa, ndipo mikono inaachia. Tunafanya hivyo somo zima. Misuli ina uwezo mkubwa zaidi wa kushusha mzigo kuliko wa kuupandisha, kwa hiyo asiyeweza kujipindua leo anaweza kushuka leo, na kule kushuka ndiko kunakomjengea nguvu ya kupanda. Wengi wangu hujikuta wamepinduka wenyewe bila hata kuagizwa.

Na hapa ndipo hatari ya mwenye nguvu ilipo. Kano hukua nguvu taratibu kuliko misuli. Mtu aliyenyanyua vyuma anakuja na misuli inayoweza kazi ya mtu mwenye miezi sita ya mafunzo na viwiko ambavyo havijawahi kuning'inizwa kwa namna hii. Yeye hasikii kitu mpaka siku anaposikia, na hapo ni miezi. Mwambie ukweli huo usoni. Mimi niliogopa kuonekana namzuia, tukalipa wote wawili.

Kuhusu kumlinda mwanafunzi akiwa juu: usijidanganye kwamba utamdaka. Mtu anayeanguka ni mzito, na ukinyoosha mikono kumpokea mtaumia wawili. Kazi yako ni kuelekeza anguko, kichwa na shingo visitangulie. Simama upande ambao mgongo wake unaelekea, karibu kiasi cha kumgusa bila kunyoosha viwiko, mkono mmoja kwenye nyonga, mwingine tayari nyuma ya bega. Na umwambie kabla hajapanda utamgusa wapi, akubali kwa mdomo wake. Kwenye kaptura fupi hilo si jambo dogo. Kama amekuzidi uzito sana, msianze kupinduka mpaka mpate msaidizi wa pili. Godoro weka, lakini godoro la kuangukia halijui shingo yako inakujaje.

Vifaa nitavipitia haraka kwa sababu umeshanunua. Kipenyo kilichozoeleka siku hizi ni milimita 45. Kuna za 40 na za 50 pia, na mwenye viganja vidogo atasumbuka na ile nene. Brasi inashika zaidi ya kromu. Mwenye mzio wa nikeli atafute stenlesi, kwa maana chini ya kromu kwa kawaida kuna tabaka la nikeli. Nguzo ikiwa baridi inateleza, ipasheni moto kwa mikono na mapaja kabla ya kuanza. Mafuta na losheni hapana, hata ya jana usiku. Pete na bangili hapana, zinachubua nguzo na kubana vidole. Kitambaa na spiriti kila anapomaliza mtu mmoja. Kama yako inaweza kuzunguka, hakikisha kwa mkono wako kwamba skrubu ya kuifunga imekaza kabla ya mtu yeyote kushika, maana anayeanza akitegemea nguzo iliyotulia na ikamzungusha, ataachia.

Kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ya vyote kwenye maelezo yako ni dari. Nguzo ya kukaza inasimama kwa msukumo tu. Juu yake lazima kuwe na boriti au zege, si ubao wa jipsamu uliobandikwa kwa ajili ya urembo. Wewe mmoja unayeijua nguzo yako unaweza kuwa umebahatika mwaka na nusu. Wanne wanaojirusha ovyo ni habari nyingine. Weka pima maji kila somo, kaza kila somo, sukuma kwa bega uone kama inacheza.

Cheti: hakuna leseni moja ya dunia nzima inayokuruhusu au kukukataza. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSF, lilianzishwa mwaka 2009, lina mashindano yenye kanuni na alama, mshindani anatumia nguzo mbili, moja imetulia na moja inazunguka. Mwaka 2017 likapewa hadhi ya mwangalizi na GAISF, chombo kilichokuwa kinaunganisha mashirikisho ya michezo ya kimataifa. Kozi za walimu zinatolewa na watu wengi, nyingine nzuri, nyingine ni cheti cha siku mbili na picha. Ukiniuliza pesa uweke wapi kwanza, weka kwenye huduma ya kwanza, halafu kwenye kozi inayofundisha bega linavyofanya kazi. Mitindo utaipata hata bure.

Wakikuuliza kama haya si mambo ya vilabu vya usiku, sioni haja ya kukana. Wacheza dansi wa vilabu ndio waliovumbua nusu ya mitindo tunayofanya na wanatudai shukrani. Pia kuna mallakhamb ya India, mazoezi kwenye nguzo ya mbao yaliyoanza karne nyingi kabla ya vilabu hivyo, na nguzo za sarakasi za Kichina. Jibu hivyo, endelea kupasha mwili.

Na kupasha ni robo saa kamili: viganja, mabega, kiuno, mpaka watu wanahema. Kujinyoosha kwa muda mrefu mpaka miguu ifunguke msamba, acha mwishoni. Misuli iliyovutwa sana muda huohuo hupungua nguvu, nawe unataka nguvu yote iwepo mtu akiwa juu.

Jambo moja ambalo hukuuliza, na mimi hakuna aliyeniambia. Mwalimu anaumia kwa kuonesha. Unaonesha mtindo mara tatu kwa kila darasa, kila mara upande wako mzuri, kila mara mwili umeshapoa kwa sababu ulikuwa umesimama unarekebisha wengine. Mwaka wa pili kiwiko changu cha kulia, upande wa ndani, kilikataa hata kufungua kopo. Sasa naonesha mara moja kulia, mara moja kushoto, upande mbaya hivyohivyo ulivyo, na zamu ya tatu anaonesha mwanafunzi. Wanaujifunza haraka zaidi wakimwona mwenzao akikosea.

Wanne usiwachukue kwa mpigo. Nguzo ni moja, wawili wanatosha, mmoja juu na mwingine anapumzika huku akitazama. Mwezi wa kwanza asipande mtu zaidi ya kimo chake mwenyewe. Na kabla ya lolote, weka hapa picha ya dari yako, pale hasa nguzo inapogusa, na uandike kuna nini nyuma ya rangi.