Maswali ya Bustani: Chipukizi la Okidi Limetoka, Ua Liko Wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: okidi ina afya, inatoa majani na machipukizi, lakini haichanui. Maelezo yanayobandikwa kwenye vyungu vya okidi yameandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi. Sisi hapa Uganda ikweta inatukatiza pale Kayabwe, barabara ya Masaka, na urefu wa siku haubadiliki kwa kiasi cha kuutikisa mmea. Tuache kalenda, tuusome mmea wenyewe.

*Nina okidi aina ya katleya kwenye baraza. Ilitoa chipukizi mwezi wa pili, na sasa limefika urefu wa kiganja. Litachanua lini? Jirani ananishauri nikate mashina ya zamani yasiyo na majani ili nguvu yote iende kwenye chipukizi.*
— Msomaji, Ntinda, Kampala

Mama, weka mkasi chini kwanza. Yale mashina yaliyovimba, hata yakiwa uchi, yanahifadhi maji na chakula, na chipukizi lako linakula kutoka humo kabla halijapata mizizi yake. Acha mashina matatu au manne nyuma ya kila chipukizi. Linalokatwa ni lile lililooza au lililokauka kabisa hadi kuwa kahawia.

Katleya huchanua kwenye shina jipya lililokomaa, na kila shina huchanua mara moja tu. Kwa hiyo swali si miezi mingapi imepita, ila ni kama shina limemaliza kukua. Kwa joto la Kampala kazi hiyo huchukua kati ya miezi minne na minane. Kwanza hutoka ncha ya kijani pembeni mwa shina la mwisho, halafu jani hufunguka, halafu shina hunenepa. Mwisho, aina nyingi hutoa ala bapa ya kijani pale jani linapoungana na shina, na matumba ya maua huanzia ndani ya ala hiyo. Imulike kwa tochi kutoka nyuma: ukiona vivuli vidogo vyeusi chini, hayo ndiyo matumba, na maua yatafuata baada ya mwezi mmoja au miwili. Ukiona tupu, ngoja. Baadhi ya katleya huacha ala ikauke na kuwa rangi ya karatasi kuukuu, kisha matumba yakapita humo humo. Usiing'oe. Ila ukikuta matone ya maji yamejikusanya ndani yake, kata ncha yake kwa wembe safi ili hewa iingie, la sivyo matumba yataoza kabla hujayaona.

Sasa linganisha shina jipya na lile lililolitangulia. Likiwa refu na nene kama kaka yake au kumzidi, mmea unapanda. Likiwa dogo zaidi, mmea unashuka, na shina la namna hiyo mara nyingi halichanui hata likikomaa. Sababu kubwa hapa kwetu ni mwanga mdogo. Jani la katleya lenye mwanga wa kutosha lina kijani cha kuelekea njano na limesimama imara. Lenye kiza ni kijani kizito, refu, linalolala. Watu wengi hufurahia kijani kile kizito, kumbe ni jani linalolalamika.

Angalia pia baraza lako linatazama wapi. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Baraza la kaskazini lililokuwa na kivuli mwezi wa kwanza linaweza kuunguza majani mwezi wa sita. Upande wa mashariki ndio bora, kwa sababu hupata jua la asubuhi mwaka mzima. Penye jua kali la mchana tundika neti ya kivuli ya asilimia 50, na usogeze mmea kwenye mwanga polepole kwa muda wa wiki mbili au tatu. Shika jani saa saba mchana: likiwa la moto mkononi, kivuli hakitoshi.

Chakula: mbolea ya kuyeyuka kwenye maji, 20-20-20 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa (kama gramu 10) kwenye jerikeni la lita 20, mara moja kwa wiki wakati chipukizi linakua. Wiki ya nne mwagilia maji matupu kwa wingi ili kuosha chumvi. Usitumie ile ya chembechembe inayowekwa kwenye mahindi. Chembe zikikaa juu ya mizizi zinaiunguza. Shina likishakomaa, punguza mbolea iwe nusu. Na mwagilia asubuhi, usijaze maji kwenye kikombe cha chipukizi changa. Maji yakilala humo usiku, utakuta chipukizi jeusi linalong'oka kwa kidole, na mwaka mzima umepotea.

*Nilinunua okidi aina ya falenopsisi yenye maua ya zambarau. Ilichanua miezi miwili na nusu, maua yakaanguka, na tangu hapo ni majani tu. Kikonyo cha zamani nikikate au nikiache? Ninakaa nyumba ya mabati, mmea uko sebuleni.*
— Msomaji, Jinja

Kama mmea una majani manne au zaidi yaliyo imara na kikonyo bado ni kijani, kata juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Mara nyingine tawi jipya la maua hutoka hapo. Kama una majani mawili au matatu, au yamenywea, kata kikonyo chote karibu na shina ili mmea upumzike. Sisi tunapendelea kukata chote hata kwa mmea wenye nguvu, maana kikonyo kipya hubeba maua makubwa kuliko tawi la pili.

Kinachokuzuia, ndugu, ni joto la hiyo sebule. Falenopsisi huanza kikonyo ikipata wiki nne hadi sita za usiku wa nyuzi 18 hadi 20 na mchana usiozidi 26 hivi. Joto likikaa juu ya 28, inaendelea kutoa majani tu. Chini ya bati lisilo na dari joto hupita hapo kila siku ya jua. Mwezi wa sita na wa saba, usiku ukiwa wa baridi, uhamishie mmea barazani penye kivuli na pasiponyeshewa.

Ukiona ncha inachomoza chini ya jani la pili au la tatu kutoka juu, ichunguze. Ya mviringo na inayong'aa ni mzizi. Iliyobapa kidogo, yenye mkunjo kama kidole gumba ndani ya glavu, ni kikonyo. Kikishatoka usigeuze chungu, kwa kuwa kikonyo hufuata mwanga na maua yatapangika ovyo. Hesabu miezi mitatu hivi hadi ua la kwanza.

*Matumba yanatokea vizuri, kisha yanageuka njano na kudondoka kabla ya kufunguka. Mmea uko dirishani jikoni na ninaumwagilia vizuri.*
— Msomaji, Mbale

Jikoni ndiko kwenye tatizo. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na moshi wa sigiri huwa na gesi hiyo hiyo. Matumba ya okidi yakiipata, hata kidogo, hujihesabu yamezeeka na kudondoka. Mkungu wa bogoya ukiivia kwenye kona ya jikoni unatosha kuangusha matumba yote ya kikonyo kimoja. Hamishia mmea chumba kingine chenye hewa. Sababu nyingine ni mizizi kukauka kabisa wakati wa matumba, kuhamishahamisha mmea, na vidung'ata (wadudu wadogo weupe kama unga) wanaojificha nyuma ya matumba. Hao wapanguse kwa pamba iliyochovywa spiriti ya asilimia 70, urudie kila wiki kwa wiki nne, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza.

*Okidi yangu ya dendrobiamu, aina ya nobile, ina mashina marefu mazuri. Badala ya maua, kila kifundo kinatoa kitoto chenye majani na mizizi. Nafanya nini vibaya?*
— Msomaji, Makindye, Kampala

Unaulisha na kuunywesha wakati unapotaka njaa. Nobile ikimaliza kukuza shina (utajua kwa jani la mwisho dogo kileleni), inahitaji mwezi au zaidi wa ukavu, bila mbolea, yenye mwanga mwingi na usiku wa nyuzi 10 hadi 13. Ikipata maji na naitrojeni katika kipindi hicho, vifundo vilivyokusudiwa kuwa maua vinageuka vitoto.

Hata hivyo tukuambie wazi, mzee wetu: usiku wa Kampala haushuki kiasi hicho, hivyo ukavu peke yake utakupa maua machache au usipate kabisa. Aina hii ni ya Kabale na Kisoro, ambako mwezi wa sita na wa saba ni mikavu na baridi ya usiku ni ya kweli. Simbidiamu, okidi nyingine ya baridi, nayo ni vivyo hivyo. Kwa Kampala chagua dendrobiamu za joto, zile zinazotoa kikonyo kirefu karibu na kilele cha shina, na usikate mashina yake ya zamani kwani huchanua tena mwaka unaofuata. Vitoto vyako vibandue vikishapata mizizi mitatu ya sentimita 5, uvipande kwenye vyungu vidogo.

*Niliipanda okidi kwenye udongo mweusi wenye samadi. Majani yamenyauka.*
— Msomaji, Fort Portal

Itoe leo. Okidi hizi katika asili yake hushika magome ya miti, na mizizi yake inataka hewa kama inavyotaka maji. Kwenye udongo inakosa pumzi na kuoza. Kata mizizi laini ya kahawia, bakiza iliyo migumu, ukipitisha mkasi kwenye moto kati ya mmea mmoja na mwingine ili usisambaze virusi. Panda kwenye sehemu tatu za magome ya msonobari kutoka kiwanda cha mbao, vipande vya sentimita 1 hadi 2 vilivyolowekwa usiku kucha, na sehemu moja ya mkaa wa ukubwa huo huo, vumbi likiwa limepepetwa. Chungu kiwe kidogo na chenye matundu mengi. Kwa mmea usio na shida, ngoja chipukizi litoe mizizi ya sentimita moja ndipo ubadilishe chungu; ukibadilisha mapema au ukichelewa, mizizi mipya haipo au inavunjika.

*Naweza kuchukua okidi msituni Mabira?*
— Msomaji, Lugazi

Hapana. Mabira ni msitu wa hifadhi, na Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inakataza kuondoa mimea yake bila kibali. Kuuza okidi za porini nje ya nchi pia kunadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ukitaka okidi ya hapa nyumbani, tafuta Ansellia africana yenye madoa ya chui, iliyozalishwa kwenye kitalu. Inapenda jua zaidi ya katleya, na chungu chake lazima kiwe kizito, kwani mashina yake hupita nusu mita na kukipindua.

*Kwenye kikonyo kuna matone matamu na sisimizi wamejaa. Ninyunyize dawa?*
— Msomaji, Entebbe

Matone hayo hutolewa na mmea wenyewe, hayana madhara. Chunguza tu chini ya majani na kwenye viungo kama kuna vidung'ata au wadudu wa magamba, maana hao nao hutoa utamu na sisimizi huwabeba kutoka mmea hadi mmea. Usipowaona, simamisha chungu juu ya kigae ndani ya sahani ya maji ili sisimizi wasipande, dawa uiache dukani.