Waliopanda Jukwaani Kabla ya Rolling Stones

Toleo lililopita tuligusia kwa mstari mmoja tu kwamba Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, aliwahi kuzomewa siku anawafungulia shoo Rolling Stones, bendi kubwa ya roki ya Uingereza, yaani alipiga kabla yao, basi meseji zikaanza kumiminika kuanzia Tunduma mpaka Iringa, wengine hawaamini, wengine wanataka stori nzima, wengine wana maswali yao kabisa ya mambo ya jukwaani. Leo ukurasa wote ni wa hilo. Nimechagua chache, zingine zimeuliza kitu kile kile.

Kaka habari za kazi. Hivi ni kweli Prince huyu huyu wa Purple Rain alizomewa? Mtu anapiga gitaa vile azomewe na nani? Nipe stori yote usikate. – Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

Salama kaka, na ni kweli kabisa, tena siyo kuzomewa tu, alirushiwa vitu. Ilikuwa Los Angeles kwenye uwanja wa Memorial Coliseum, Oktoba 9 mwaka 1981, watu zaidi ya 90,000 wamejaa mchana kweupe wanawasubiri Stones. Prince ana miaka 23, hajawa Prince unayemjua wewe, nje ya mashabiki wa muziki wa weusi walikuwa wachache wanaomjua, na albamu ya Purple Rain ilikuwa bado miaka mitatu mbele. Akapanda na koti refu, ndani kachupi keusi, buti ndefu zinapanda mpaka mapajani, anaimba kwa ile sauti ya juu nyembamba. Sasa fikiria umati wa watu wa roki la gitaa, wengi wameshaanza kunywa toka asubuhi, wanaona hicho kitu. Nyimbo chache tu wakaanza kuzomea, alafu vikaanza kuruka vikombe, chupa, matunda, mpaka vipande vya kuku. Akashuka. Promota Bill Graham ilibidi apande mwenyewe kuwagombeza watu.

Prince alipanda ndege akarudi kwao Minneapolis. Na hapa ndo penye utamu, maana shoo ya pili ilikuwa tarehe 11 na alikuwa ameshasema harudi. Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, akampigia simu kumbembeleza, mpiga gitaa wake Dez Dickerson naye akampigia, akamwambia usikubali watu wakufukuze jukwaani, basi akarudi. Na safari hii watu walikuja wamejiandaa kabisa, vitu vimebebwa toka nyumbani, wakarusha zaidi ya siku ya kwanza, ila Prince na bendi yake wakakomaa. Baada ya pale Prince hakumfungulia mtu yeyote tena maisha yake yote. Siku tatu baadaye, Oktoba 14, albamu yake ya Controversy ikatoka, na mwaka 1984 ndo ikaja hiyo Purple Rain yako.

Mimi ukiniuliza lawama naziweka kwa watazamaji, siyo kwa Stones. Stones walimchagua wakijua ni mkali, Jagger alikuwa anamkubali sana. Uwanja ule ulikataa kusikiliza tu basi, na hilo linaniuma mpaka leo kila nikiona umati unamzomea mtu ambaye hata hajamaliza wimbo wa kwanza.

Mwanangu, mimi mpenzi wa Tina Turner toka ujana wangu. Nasikia na yeye aliwahi kuwatangulia hao wazungu. Ni kweli au ni maneno ya mtaani? – Mama, Njombe mjini

Shikamoo mama. Ni kweli, tena aliwatangulia zaidi ya mara moja. Mwaka 1966 yeye na mumewe Ike walitoa wimbo wa River Deep – Mountain High, Marekani haukufika popote ila Uingereza ukapanda mpaka namba tatu, ndo Stones wakawaita kwenye ziara yao ya Uingereza iliyoanza Septemba 23 pale Royal Albert Hall, London. Tina mwenyewe alisimulia kwamba ni nyuma ya jukwaa kwenye ziara ile yeye na wale wasichana wake waitikiaji, Ikettes, walimfundisha Jagger kucheza. Anasema kabla ya hapo jamaa alikuwa anasimama na tamborini yake tu. Kwa hiyo mama ukimuona Jagger anavyokimbia jukwaani na vile viuno, jua kuna mkono wa Tina pale.

Mwaka 1969 wakaitwa tena, ziara ya Marekani, na angalia uzito wa hiyo ziara mama, kuna Ike na Tina, kuna B.B. King wa bluzi, siku zingine na Chuck Berry mwenyewe, mkongwe wa rock and roll, yupo. Novemba 27 pale Madison Square Garden, New York, siku moja baada ya Tina kutimiza miaka 30, mwimbaji wa roki Janis Joplin alikuwepo kati ya watu akapanda wakaimba pamoja. Kila usiku Stones walikuwa wanapanda baada ya moto ule, na Tina siyo mtu wa kupanda baada yake kirahisi.

Na mara nyingine ni mwaka 1981, ziara ile ile iliyomtesa Prince. Hapo Tina ameshaachana na Ike, amepitia magumu, anaanza upya kwenye kumbi ndogo ndogo, wengi wanasema kaisha. Stones wakamweka awafungulie baadhi ya shoo, na New Jersey akaimba nao Honky Tonk Women jukwaani. Mwaka 1984 akatoa albamu ya Private Dancer na dunia nzima ikainuka. Yaani watu wawili waliopita kwenye ziara ya 1981, mmoja kazomewa mmoja anahesabiwa kaisha, wote 1984 ndo mwaka wao mkubwa. Sisemi Stones ndo waliowatoa, hapana, ila macho ya kuona walikuwa nayo.

Ukipenda hizo mama mtafute na Stevie Wonder wa 1972, alifungua ziara nzima ya Marekani na Canada akiwa na miaka 22. Alitaka watu wa roki wamsikie, siyo wale waliomzoea toka akiwa mtoto tu. Mwishoni mwa shoo alikuwa anarudi jukwaani, wanachanganya Uptight yake na Satisfaction ya Stones, bendi mbili zinapiga kwa pamoja, fujo tupu nzuri. Ziara ikaisha Julai, Oktoba akatoa Superstition, Januari 1973 ikawa namba moja Marekani.

Ndaga kaka kwa kazi nzuri. Sisi watu wa rege umetusahau, kuna mtu wa rege aliyewahi kufungua kwa bendi kubwa ya roki? – Msomaji, Tukuyu

Ndaga fijo. Peter Tosh, 1978, ziara ya Marekani ya Stones hao hao. Walikuwa wamemsaini kwenye lebo yao wenyewe, akatoa albamu ya Bush Doctor mwaka huo huo, ndani kuna Don't Look Back kaimba na Jagger. Jagger siku zingine alikuwa anapanda mapema kabisa kuuimba naye, yaani mwenye shughuli anatoka kabla ya saa yake kumsindikiza anayemfungulia. Hiyo heshima siyo kila mkubwa anatoa.

Kamwene mhariri. Mimi msanii mchanga wa hapa Iringa. Nimeambiwa nitafungua shoo ya msanii mkubwa toka Dar pale Samora, mwezi wa saba. Naogopa sana watu wanizomee. Nimepewa dakika kumi. Nifanyeje? – Msomaji, Kihesa, Iringa

Kamwene mdogo wangu, hongera kwanza. Swali lako nimelipa nafasi kubwa kwa sababu hao wote niliowataja juu walisimama pale pale utakaposimama wewe.

Kwanza jua utaratibu wenyewe ulivyo ili usije ukavunjika moyo siku hiyo. Kwenye shoo ya bendi, saundi cheki, yaani kujaribu sauti kabla watu hawajaingia, anaanza mkubwa, wa kufungua anafuata mwisho kwa muda uliobaki, na mara nyingi muda haubaki. Vyombo vya mkubwa vikishafungwa havisogezwi, kwa hiyo wewe unapangwa mbele yake, ngoma zako zinakaa kwenye kijinafasi, na fundi mitambo hakuachii sauti yote wala taa zote, vile vizuri vinatunzwa kwa baadaye. Hiyo ni dunia nzima ndo ilivyo, siyo dharau kwako. Ndo maana nakuambia nenda mapema uwanjani, mtafute fundi mitambo, msalimie vizuri, muulize jina lake, mwambie wimbo wako unaanza na nini. Yule mtu ndo ameshika maisha yako dakika hizo kumi.

Kama unatumia biti, beba flashi mbili, na nyingine iwe kwenye simu ya mtu unayemwamini. Uandike majina ya nyimbo kwa namba, DJ asihangaike kutafuta gizani wakati umesimama unatoa macho. Kama unapiga gitaa, mwezi wa saba Iringa unaijua mwenyewe, ile baridi ya jioni ikishuka vidole vinakufa na nyuzi zinahama tyuni, kwa hiyo usilitoe gitaa ndani ukapanda nalo moja kwa moja, likae nje lizoee hewa alafu ndo utyuni dakika za mwisho. Vaa sweta mpaka sekunde ya kupanda.

Sasa dakika kumi zenyewe. Usianze na hotuba. Usiseme Iringa hamjambo mara nne, usitaje ndugu zako wote, usilalamike kwamba sauti ndogo. Anza wimbo. Anza na ule ambao hata bodaboda wa Mlandege anaujua kiitikio, kama unao, alafu katikati ndo weka mpya, malizia na wa nguvu. Nyimbo tatu fupi zinatosha, ukishuka kabla ya muda wako kuisha watu wanabaki wanataka, ukizidisha dakika tano wanaanza kuita jina la mwingine.

Na kama watazomea? Inaweza kutokea, sikudanganyi. Hawatakuwa wanakuzomea wewe, watakuwa wanamtaka yule waliyemlipia kiingilio. Tafuta sura moja mbele inayokutazama vizuri, muimbie huyo. Usijibizane nao, ukianza kujibizana umeshapoteza wale ambao walikuwa wanakusikiliza, na kila umati una wanaosikiliza hata kama hawapigi kelele. Prince siku ya pili alipanda akijua kabisa kinachomsubiri. Wewe hutarushiwa kuku pale Samora, watu wa Iringa siyo hivyo, ila ukipanda panda umenyooka.

Ukimaliza usikimbilie nyumbani. Kaa pembeni umtazame mkubwa anavyofanya kazi, anavyoshika maiki, anavyopumzika kati ya nyimbo, anavyoongea na bendi kwa macho. Hilo darasa halina ada. Alafu niandikie ilikuwaje, nitasubiri kweli.

Je kuna waliofungua wakamzidi mwenye shoo? – Msomaji, Makambako

Hili watu watabishana mpaka kesho. Wengi wanataja Lynyrd Skynyrd, bendi ya roki ya Marekani, walipowafungulia Stones pale Knebworth, Uingereza, Agosti 21 mwaka 1976. Stones walikuwa na jukwaa lenye ulimi mrefu umetokeza mbele, ule ulimi wa nembo yao, na inasimuliwa kwamba waliofungua walikatazwa kuukanyaga. Skynyrd walipofika kwenye wimbo wao wa Free Bird, lile gitaa la mwisho linaloenda mbio dakika kadhaa, wakausogelea ulimi wenyewe wakasimama juu yake wakapiga. Video ipo, itafute uone umati ule. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, Oktoba 20, 1977, ndege yao ikaanguka, akafa mwimbaji Ronnie Van Zant na wenzake, ndo maana watu wakiiangalia leo wanalia.

Wengine wanataja bendi ya Guns N' Roses, walipowafungulia Stones Oktoba 1989, pale pale Coliseum ya Los Angeles. Hao walikuja na moto mwingine, shoo ya kwanza mwimbaji wao Axl Rose akatangaza mbele ya uwanja mzima kwamba anaacha bendi kama wenzake hawataacha dawa za kulevya. Kuzidi sijui kama ndo neno lake, lakini kesho yake hakuna aliyekuwa anaongea kingine. Mimi pale ningewasikiliza zaidi bendi ya Living Colour waliopanda kabla yao, weusi wa New York wanaopiga roki zito kweli kweli, Vernon Reid kwenye gitaa siyo mchezo.

Na Freddie wetu wa Zanzibar je, yeye alimfungulia nani? – Msomaji, Tunduma

Mott the Hoople, bendi ya roki ya Uingereza. Queen, bendi ya Freddie Mercury, waliwafungulia Uingereza mwishoni mwa 1973, wakaenda nao Marekani 1974, wakapiga nao mpaka Broadway, New York. Ziara hawakuimaliza, mpiga gitaa Brian May aliumwa homa ya ini wakarudi nyumbani. Ila Freddie alijifunza pale, na May akaja kuwataja jamaa hao ndani ya Now I'm Here, sikiliza vizuri utasikia neno Hoople. Mwaka 1977 Queen wenyewe ndo wakawa wakubwa, wakazunguka Marekani na Thin Lizzy, bendi ya roki ya Ireland, kama wafunguzi, na Thin Lizzy wakaja na Gary Moore kwa sababu mpiga gitaa wao Brian Robertson alikuwa ameumizwa mkono kwenye ugomvi wa klabu. Toleo lijalo nitaandika juu ya hiyo ziara peke yake, kwa hiyo mwenye swali la Thin Lizzy atume mapema.