Bei ya Duka Huwekwa na Mzigo Ujao

Meli inayotoka Ningbo, China, kuja Kilindini, bandari ya Mombasa, haipiti Bahari ya Shamu. Inateremka hadi mlango wa Malaka, inakata Bahari ya Hindi, imefika. Ndiyo maana Wahuthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli za Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, wafanyabiashara wengi wa Mombasa walichukulia kuwa hayo ni mambo ya watu wa Ulaya. Haikuchukua muda nauli ya kontena kutoka China ikapanda na huku pia. Meli za Asia kwenda Ulaya zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka kwa siku 10 hadi 14, na meli zile zile zikawa zinamaliza safari chache kwa mwaka. Makontena matupu nayo yakachelewa kurudi China. Kitu kikiadimika, njia ndogo kama yetu haina ubavu wa kushindania bei. Anayeleta mzigo kutoka Uturuki, Misri au Ulaya aliumia mara mbili: nauli juu, na mzigo kuchelewa.

Makala haya ni ya muagizaji mdogo: mwenye duka Biashara Street, muuza vyombo Kongowea, fundi anayeleta vipuri vyake mwenyewe, anayejaza kontena moja au anayechangia na wenzake. Habari za dunia humfikia kwa njia nne tu: nauli ya meli, bei ya dola, bei ya mafuta, na siku. Nyingine nyingi ni za barazani.

Tuanze na nauli, kwa sababu hesabu yake ndiyo watu hukosea zaidi. Wengi huona nauli ikipanda kwa dola 3,000 na kudhani gharama imepanda kwa dola 3,000. Sivyo. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haitozi kodi kwa bei ya kiwandani, inatoza kwa CIF, yaani bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli. Kwa hiyo nauli nayo inatozwa kodi.

Chukua mfano wa bidhaa za dola 10,000, nauli 2,400, bima 100. CIF ni dola 12,500. Kwa kiwango cha shilingi 130, hiyo ni 1,625,000. Ushuru wa forodha wa 25% ni 406,250. VAT ya 16% hupigwa juu ya CIF pamoja na ushuru, kwa hiyo ni 325,000. Ada ya IDF (fomu ya tamko la mzigo unaoagizwa) ya 2.5% ni 40,625, na ada ya reli, RDL, ya 2% ni 32,500. Jumla ya kodi ni 804,375. Sasa nauli ipande hadi 5,400 na mengine yote yabaki vile vile. Nyongeza ya nauli peke yake ni shilingi 390,000, lakini kodi nazo zinapanda kwa 193,050. Mzigo ule ule umekugharimu 583,050 zaidi kabla hujalipa bandari, ajenti wala lori.

Kanuni ya haraka: kwa bidhaa ya ushuru wa 25%, kila shilingi inayoongezeka kwenye nauli ihesabu kuwa 1.495. Nguo na fanicha ni miongoni mwa bidhaa ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki iliziweka kwenye kiwango cha 35% kuanzia Julai 2022, na huko hesabu ni kali zaidi. Pia kuna bidhaa zenye ushuru wa bidhaa (excise) juu ya ule wa forodha. Muulize ajenti msimbo wa HS (namba ya forodha ya kuainisha bidhaa) wa kila bidhaa kabla ya kulipa arubuni, si baada ya meli kufika. Na kama hujasajiliwa kwa VAT, ile 325,000 hairudi, ihesabu kama gharama. Usajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, ila aliye chini ya hapo anaweza kujisajili kwa hiari, na kwa muagizaji mara nyingi inafaa.

Ukipewa bei ya nauli, uliza mambo mawili: inaisha lini, na nyongeza zipi hazimo. Bei za kontena kwa kawaida hudumu wiki mbili hivi, halafu huja nyongeza za msimu, za hatari ya vita na za mafuta. Ajenti anayekwambia "bei ndiyo hiyo" bila tarehe hajakupa bei.

Dola ndiyo njia ya pili. Mwanzoni mwa 2024 ilikaribia shilingi 160, kisha baada ya serikali kupata fedha za kulipia Eurobond, deni lake la dola kwa wawekezaji wa nje, iliyokuwa ikiiva Juni mwaka huo, ikashuka hadi karibu 130. Kwa ule mzigo wetu wa CIF 12,500, tofauti ya 130 na 160 pamoja na kodi ni shilingi 560,625. Karibu sawa na ile nauli iliyopanda zaidi ya maradufu.

Pengo linaloumiza liko kati ya malipo mawili. Viwanda vingi vya China huomba 30% mwanzo na 70% kabla ya kuachia BL, ile hati ya meli inayokuwezesha kuuchukua mzigo. Kati ya hapo na hapo hupita mwezi au miezi miwili, na wewe umeshafungwa. Fungua akaunti ya dola, na siku unayolipa ile 30% nunua pia sehemu ya dola za 70%, angalau nusu, uziweke. Hutapata bei nzuri kuliko zote, lakini utajua mzigo umekugharimu kiasi gani. Anayengoja dola ishuke anacheza kamari kwa mtaji wa watoto. Benki kadhaa za Kenya hulipa kwa yuan pia; mwombe muuzaji bei kwa yuan na kwa dola, ulinganishe. Na usitumie kiwango cha benki kukadiria kodi, kwa sababu KRA ina kiwango chake ndani ya iCMS, mfumo wake wa forodha.

Sasa tuje dukani, ambako ndiko pesa hupotelea.

Chupa ya chai imekufikia rafuni kwa shilingi 500, unaiuza 650. Unaona faida ya 150. Mzigo ujao, kwa nauli na dola ya leo, chupa ile ile itakufikia kwa 620. Ukiendelea kuuza 650, kila chupa unayouza inakuachia shilingi 30 baada ya kununua nyingine, na hizo 30 hazilipi kodi ya duka wala kijana wa kuuza. Duka linaonekana lina wateja, ila kila kontena jipya linakuja na katoni chache kuliko la kabla. Mtaji unaliwa polepole, na mwenyewe anasema biashara iko sawa. Bei ya rafu iwekwe kwa gharama ya mzigo ujao. Kila Jumamosi piga hesabu ya bidhaa zako 10 zinazotoka sana: nikiagiza leo, hiki kitanifikia kwa ngapi?

Kanuni hiyo ina upande wa pili ambao wengi hawautaki. Dola iliposhuka 2024, waliojaza stoo kwa bei ya 160 walikaa na mzigo ghali huku jirani akileta mpya kwa 130. Wengine walishikilia bei wakitumaini soko litarudi. Ikifika hapo, uza kwa hasara, na uza mapema, kwa sababu mzigo wa jirani ukishasambaa hasara yako inakuwa kubwa zaidi. Tukipanda na bei ya mzigo ujao, tushuke nayo pia.

Mchele ulitufundisha kitu kama hicho. India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati tarehe 20 Julai 2023, na ikaiondoa Septemba 2024. Marufuku ya namna hiyo hupandisha hata bei ya mchele wa Pakistan, kwa sababu wanunuzi wote hukimbilia mlango mmoja. Lakini hufutwa kwa tangazo la siku moja, kama ilivyowekwa. Bidhaa iliyopanda kwa amri ya serikali nunua ya wiki chache tu, hata kama bei kwa gunia ni mbaya kidogo. Bidhaa iliyopanda kwa vita au ukame ina mwendo mwingine, huko unaweza kujaza stoo kidogo.

Kwa wateja wa jumla wa Lamu, Malindi, Kwale na Taveta, andika tarehe kwenye bei: "hadi Alhamisi". Na punguza mkopo. Unayemkopesha siku 60 unamkopesha shilingi, wakati deni lako wewe liko kwa dola. Siku 14 zinatosha dunia ikiwa imechafuka, na mteja mzuri utamweleza ataelewa.

Karatasi na saa mbili

Mzigo ukishatia nanga kuna saa mbili zinazokimbia, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni storeji ya bandari au ya CFS (uwanja wa makontena nje ya bandari), inayohesabu mahali mzigo unapokaa. Ya pili ni demareji ya kampuni ya meli, inayohesabu kontena lenyewe. Unaweza kuwa umetoa mzigo bandarini na bado demareji inakula, kwa sababu kontena tupu liko uwanjani kwako Mikindani likingoja lori. Jumapili inahesabiwa. Idd pia.

Siku za bure za kontena huombwa wakati wa kukata nafasi melini. Omba 14 badala ya 7, mara nyingi hupewa bila malipo. Meli ikishang'oa nanga, hakuna wa kukusikiliza.

Meli zinapovurugika ratiba huja kwa mkupuo, tatu nne pamoja. Uwanja unajaa, makontena yanapelekwa CFS za Changamwe na kwingine, na gharama zake ni tofauti. Njia ya kujikinga ni karatasi. Omba IDF kabla mzigo haujapakiwa, kwa sababu cheti cha ubora cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, yaani CoC, hutolewa nje kabla ya kusafirisha, na mzigo uliokuja bila hicho hukaguliwa hapa kwa gharama zaidi na siku zaidi. Bima ichukuliwe kwa kampuni ya Kenya, ndivyo sheria inavyotaka. Jina na PIN kwenye BL viwe sawasawa na vya KRA, hadi herufi. "Enterprise" badala ya "Enterprises" imetosha kusimamisha mzigo. Usikubali muuzaji aandike "bidhaa mchanganyiko" kwenye invoisi. Kila aina iwe na mstari wake, idadi, uzito na bei, na uzito huo ukubaliane na wa BL. Bei ikiandikwa chini kupita kiasi, KRA huipandisha wenyewe, na mabishano hayo huliwa na storeji.

Kama unamwamini muuzaji na umemaliza kulipa, taka BL ya telex, inayoachiwa kwa ujumbe bila karatasi, maana ile ya karatasi ikikwama kwa kuria, saa zote mbili zinaendelea. Ajenti awe na kila kitu mkononi siku 7 kabla ya meli kufika. Kontena tupu lipige picha ndani na nje kabla ya kulirudisha na utunze risiti, la sivyo utalipishwa tundu ambalo lilikuwepo tangu Shanghai.

Wanaochangia kontena kwa bei ya kila CBM (mita moja ya ujazo) "kila kitu ndani" wana raha yao, lakini waulize: hati ya forodha iko kwa jina la nani? Kama haina jina lako, huna cha kuonyesha KRA wakiuliza bidhaa ulizipataje, na mzigo wa mwenzako ukishikwa, wako uko ndani ya kontena hilo hilo.

Mafuta nitayapitia haraka. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, inaanza usiku wa kuamkia 15, na inafuata shehena zilizoshuka tayari. Kwa hiyo mafuta ghafi yakiruka leo duniani, una wiki kadhaa kabla ya mwenye lori kukupandishia. Funga naye bei kabla ya 14.

Mauzo yakianguka, usimfukuze muuzaji wa dukani kwa mdomo. Sheria ya ajira inataka notisi ya mwezi mmoja kwake na kwa afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Kesi moja hula faida ya msimu. Mara nyingi kukubaliana zamu fupi kwa maandishi kunawafaa wote wawili.

Imebaki kalenda. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa umegongana na Mwaka Mpya wa Kichina. Mwaka 2026 sikukuu hiyo ya Wachina ilikuwa 17 Februari, na Ramadhani ikaingia siku moja au mbili baadaye. Mwaka 2027 ni 6 Februari, na Ramadhani inatarajiwa karibu tarehe 8 kwa kuandama kwa mwezi. Viwanda huanza kupunguza kazi katikati ya Januari, na meli za mwisho kabla ya sikukuu hujaa na kupanda bei. Safari ni wiki 3 hadi 5, ongeza wiki 2 za dharura. Madera, mashuka na vyombo vya Ramadhani viwe vimefika mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo viondoke China kabla ya katikati ya Novemba. Kiwanda kinahitaji siku 30 hadi 45, na Oktoba 1 hadi 7 wamefunga. Arubuni ilipwe kabla ya Septemba 10.