Kupaka nyeusi juu ya kromu ya grili

Kaka, nyeusi uliyopuliza kwenye grili ya mbele ya gari imebanduka, lakini tatizo si kopo la bei rahisi. Umesema ulifuta grili kwa petroli ukapuliza nyeusi moja kwa moja. Rangi haikuwa na pa kushika. Kromu ni laini kama kioo, na petroli huacha mafuta.

Fungua grili, ioshe kwa sabuni ya vyombo, kisha ipanguse kwa dawa ya kuondolea grisi. Halafu piga msasa wa maji, namba 320 kisha 600, mpaka mng'ao wote ufe. Hapa usiharakishe. Igeuzegeuze kwenye mwanga: kijistari chochote kinachometa, hasa konani, ndipo rangi itaanza kubanduka. Kwenye mifereji tumia dodoki ya kijani ya kusugulia masufuria. Kromu iliyochubuka isugue mpaka ukipitisha ukucha usisikie ukingo.

Praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha, iwe ya epoksi, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kukaza rangi). Msasa ukifika kwenye plastiki, hapo tanguliza praima ya plastiki. Kisha nyeusi mikono (tabaka) miwili mitatu myembamba, na klia, ile rangi angavu ya kukinga, ya hadina juu. Mvuke wa hadina ni hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu; kama huna ya kichujio cha mvuke mpe fundi rangi apulize, wewe umeshamaliza kazi ngumu.

Bampa la chuma lenye kutu iliyoinua kromu ni habari nyingine. Hilo lazima kromu itolewe kwanza.