Kipimo cha kinyama cha ini

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana homa ya ini aina ya B. Sasa wanataka kumtoa kinyama cha ini wakakipime. Mama mkwe amekataa, anasema ini likidungwa linaoza. Nifanyeje?
Mama Baraka, Kayole, Nairobi

JIBU: Marahaba, Mama Baraka. Ini halitaoza. Hiki ni kiungo kinachokua tena: mtu akimkatia ndugu yake zaidi ya nusu ya ini, kilichobaki hukua kikakaribia ukubwa wa zamani katika miezi michache. Mumeo atatolewa kinyama chembamba kama uzi, sentimita 2 hivi.

Atalala chali, mkono wa kulia chini ya kichwa. Atachomwa sindano ya ganzi kati ya mbavu, aambiwe atoe pumzi na atulie, kisha sindano ya kipimo itaingia na kutoka kwa sekunde chache tu. Kinyama hicho hutiwa ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, baadaye kikakatwa na kutiwa rangi ili makovu yaliyoachwa na ugonjwa kwenye ini yaonekane kwa hadubini. Ninachohofia ni kuvuja damu. Kwa hiyo apimwe kwanza kama damu yake inaganda vizuri, na kama anameza aspirini au warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda, asiwafiche madaktari.

Lakini wewe na watoto je? Homa hii ya ini huletwa na virusi vinavyoambukiza. Tafadhali mpimwe nyote, asiye na kinga achanjwe. Na mama mkwe nenda naye akapimwe pia, kwa upole, kwani wengi wenye virusi hivi waliambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa.