Jibu: Gesi dhaifu kwenye trela ya kambi
Ndugu, kama mtungi umejaa lakini jiko linatoa moto hafifu na friji ya gesi inazimika, usikimbilie kununua regulata mpya (kifaa kinachopunguza presha ya gesi kutoka mtungini). Mara nyingi ni vali ya usalama kwenye kiungio cha mpira wa gesi. Ukifungua mtungi kwa haraka, vali huchukulia kwamba mpira umekatika, ikabana gesi na kuacha kidogo tu ipite. Zima vifaa vyote, funga mtungi, fungua kiungio, subiri dakika chache, unganisha tena, kisha fungua koki ya mtungi polepole, polepole kweli. Anza kuwasha jiko ili hewa itoke bombani.

Bado dhaifu? Fundi apime presha ya regulata kwa geji. Trela za Marekani huhitaji presha ya takriban “inchi 11 za maji”, kipimo kinachotumika kwa presha ndogo ya gesi. Na tafadhali, paka povu la sabuni kwenye kiungio. Likitoa mapovu, funga mtungi papo hapo.