Kikao cha Jumamosi kivunje

Dada yangu wa Kakamega, kikao hicho kivunje leo. Umeandika kwamba mume wako askari amerudi kutoka vitani Somalia, hakutoa chozi alipozikwa babake, na sasa wazee wanataka kumweka katikati Jumamosi aseme kama bado anawapenda. Mimi wangu nilimweka katikati. Nakuomba usirudie.

Ilikuwa 2016, Butere, tumemzika mama mkwe. Mume wangu alikuwa amerudi kambini Lanet, Nakuru, baada ya El Adde, kambi ya jeshi la Kenya huko Somalia ambako wenzake waliuawa alfajiri ya 15 Januari. Watu walilia hadi sauti zikakauka. Yeye aliegemea ukuta, macho langoni, akihesabu kila anayeingia. Usiku, tukiota moto, nikamwambia mbele ya ndugu zake wote: "Moyo wako uliuacha Somalia. Hata mamako hukumpenda." Hakujibu. Aliinuka akapotelea gizani. Tuliporudi Nakuru akahamishia godoro stoo, na kwa miezi saba watoto walijua baba yupo kwa kuona viatu mlangoni.

Na aliyenisukuma? Mzee wa ukoo aliyeniapia kwamba askari aliyekomaa vitani hana hisia, hadi akaripiwe ndipo azinduke. Hajalala handakini hata usiku mmoja! Kisha akaja mhubiri, akachukua sadaka yetu akemee pepo. Hasira yangu kwao haijaisha.

Mshauri wa hospitali ndiye aliyenieleza. Vitani, anayesimama kumlilia mwenzake hupigwa risasi, basi akili hujifunza kuzima hisia. Lakini haichagui: ikizima hofu na huzuni, huzima pia furaha na mapenzi, na kufika nyumbani hakuziwashi. Ganzi hiyo, kukosa usingizi, kuruka mlango ukibamizwa, vikipita mwezi mmoja huenda ni ugonjwa wa kiwewe, na una matibabu.

Kwa hiyo usipime mapenzi ya askari kwa machozi yake, na usimhoji mbele za watu. Nakuandikia tena: mbele za watu, kamwe! Kaeni wawili, mikono ikiwa na kazi. Akianza kusema usimkatize. Kwa mshauri mwambie "twende", usimwambie "nenda".

Wangu alilia 2019, tukichambua sukuma wiki jikoni. Alianza na koplo wake, akaja kwa wengine mmoja mmoja, na mamake akamfikia usiku wa manane. Mboga hatukupika.